Kutoka Tanga Kuvuka Horohoro: Shajara ya Safari Yetu ya Kwanza ya Gofu Nje ya Nchi

Jumapili ya mwezi wa Julai, Raskazone, Tanga

Tumekubaliana leo kwamba tutasafiri mwezi wa Septemba na kwamba tutakwenda pwani ya Kenya. Tuko wanne: mimi, mke wangu aliyeanza kucheza gofu hivi karibuni, kaka yake ambaye ni shemeji yangu, na mzee jirani yetu, mhasibu mstaafu wa shamba la mkonge, ambaye umri wake umepita miaka 70 na ambaye mpira wake hauendi mbali lakini hauendi kombo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kucheza nje ya Tanzania.

Mjadala haukuwa mfupi. Shemeji alikuja na hamu ya St Andrews kule Uskoti, na hamu hiyo naiheshimu, kwa kuwa hakuna mchezaji wa gofu asiyetamani kuukanyaga uwanja wa Old Course. Lakini uwanja huo hauchezwi siku ya Jumapili, unadai cheti cha hendikapu (idadi ya mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake), na mtu asiyepata nafasi mapema hulazimika kuingia katika kura inayotolewa siku mbili kabla. Mtu anayeishi jirani na uwanja huo anaweza kusubiri kura bila wasiwasi. Sisi tungekuwa tumeshalipia viza, ndege na hoteli, kisha tukae tukingoja bahati.

Nairobi ilitajwa pia, na kwa haki. Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, Muthaiga mwaka 1913, Karen mwaka 1937, na majina hayo matatu tumeyasikia tangu tulipoanza kushika fimbo. Hata hivyo Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na katika hewa nyepesi ya huko mpira unaruka mbali kuliko unavyoruka Tanga. Nyasi nazo ni nyingine: huko juu hutawala nyasi ya kikuyu, nene na yenye kushika, wakati sisi wa pwani tumezoea nyasi za bermuda. Kwa mchezaji aliyekomaa hayo ni marekebisho madogo, lakini mke wangu ndiyo kwanza ameanza kuujua umbali wa kila fimbo yake, na kumpeleka mahali ambapo hesabu zote zinabadilika ni kumrudisha darasa la kwanza.

Mzee ndiye aliyemaliza shauri. Alisema, "Wanangu, safari ya kwanza twendeni mahali ambapo bahari ni hii hii na upepo ni huu huu. Tukishajua kusafiri, tutaongeza umbali." Septemba tumeichagua kwa sababu masika yatakuwa yamepita, vuli itakuwa haijaanza, kusi itakuwa imeanza kulegea, na wageni wengi wanaojaza mahoteli Julai na Agosti watakuwa wamerudi kwao.

Jumanne, uwanja wetu wa nyumbani

Leo hatukucheza, tumepima. Naiona kazi hii kuwa kiini cha maandalizi yote, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Kila uwanja wa mashimo 18 una tii kadhaa kwa kila shimo, yaani sehemu za kuanzia zenye rangi tofauti, na urefu wa uwanja mzima hutegemea tii utakayoichagua. Uwanja mmoja unaweza kuwa na mita 6,500 kwa anayeanzia nyuma kabisa, na mita 4,800 kwa anayeanzia mbele. Mgeni anayeanza nyuma kwa sababu ya fahari hucheza mchezo usio wake siku nzima: mkwaju wa pili haufiki grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, wa tatu unaangukia kwenye banka, yaani shimo la mchanga, na kufikia shimo la kumi amechoka na wenzake wamechoka kumsubiri.

Ipo kanuni nyepesi ya kukadiria urefu unaokufaa. Chukua umbali unaoupiga kwa kawaida kwa ayani namba 5, mojawapo ya fimbo za chuma, kisha zidisha kwa 36. Neno la kuzingatia hapo ni "kwa kawaida". Mkwaju mmoja wa ajabu ulioupiga Idi iliyopita ukisukumwa na upepo wa nyuma hauingii katika hesabu.

Mzee alileta kamba ya mkonge aliyoifunga fundo kila baada ya mita 10, akaikaza kwa vigingi viwili vya mti, kimoja kwenye tii na kingine mbele kwenye fewei, yaani njia ya nyasi zilizokatwa kati ya tii na grini, na kila kamba ilipokwisha tulihamisha vigingi na kuanza upya. Kila mmoja alipiga mipira kumi kwa ayani namba 5. Tuliondoa miwili mizuri kupita kiasi na miwili mibaya kupita kiasi, tukatafuta wastani wa sita iliyobaki. Shemeji alikuwa na hakika kwamba anafika mita 160. Kamba ilitoa 138. Alipiga tena, akapata 140, na hapo akaketi kwenye nyasi akaniomba kalamu aandike mwenyewe: 138 mara 36 ni 4,968. Mimi nilipata 132, yaani mita 4,752. Mzee alipata 112, ambayo ni mita 4,032. Kwa mke wangu, asiyebeba ayani namba 5, tulitumia fimbo anayoiamini kwa mikwaju ya mbali, akapata mita 98, ambayo ni 3,528.

Namba hizo nne ndizo zitakazotuongoza. Nimeziandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la safari, juu ya bei za hoteli na juu ya nauli.

Alhamisi usiku, nyumbani

Nimeshinda jioni kwenye simu na kwenye intaneti nikilinganisha viwanja. Katika viwanja vya pwani ya Kenya ambavyo mtu wa Tanga anaweza kuvifikia bila kupanda ndege, nimevitazama vinne: Leisure Lodge kule Diani, Mombasa Golf Club kisiwani, Nyali upande wa pili wa daraja, na Vipingo Ridge katika Kaunti ya Kilifi.

Vipingo ndiyo yenye jina kubwa. Uwanja wake wa Baobab ulipokea mashindano ya Magical Kenya Ladies Open, sehemu ya mzunguko wa wanawake wa Ulaya, kwa mara ya kwanza Desemba 2019, na Esther Henseleit wa Ujerumani akashinda. Mwaka 2023 alishinda Aditi Ashok wa India, na mwaka 2024 Shannon Tan wa Singapore. Shemeji alitaka tuanze huko huko. Mimi nimesimama kidete kwamba Vipingo iwe ya mwisho. Uwanja wa mashindano unacheza na macho ya mgeni, na siku ya kwanza ya safari mwili una uchovu wa barabara, mikono haijazoea grini mpya, na moyo una haraka. Tuanze Diani, ambako ardhi ni tambarare kwa sehemu kubwa, tupumzike siku moja, tucheze mashimo 9 Mombasa, ndipo tuende Vipingo tukiwa tumeshazoea. Nyali tumeiacha kwa safari nyingine, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu kundi lenye mzee na mwanafunzi halipaswi kucheza kila siku.

Kisha kuna hesabu ya hendikapu. Tangu mwaka 2020 dunia inatumia mfumo mmoja wa hendikapu, na mchezaji anapata hendikapu yake ya kwanza baada ya kuwasilisha kadi zenye jumla ya mashimo 54. Kiwango cha juu ni 54.0 kwa wanaume na wanawake. Kila uwanja una kipimo cha ugumu kwa kila tii, kinachoanzia 55 hadi 155, na 113 ndicho cha kawaida. Hendikapu yako inazidishwa kwa kipimo hicho, inagawanywa kwa 113, kisha inaongezwa tofauti kati ya kiwango cha uwanja (mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji asiyehitaji nyongeza) na pa yake (idadi ya mikwaju iliyowekewa uwanja). Mchezaji mwenye hendikapu 28 akicheza kwenye tii yenye kipimo 130, kiwango 71 na pa 72, anapewa mikwaju 31 ya nyongeza. Akihamia tii ya kipimo 113 yenye kiwango na pa zile zile, anapewa 27. Kwa hiyo nilipopiga simu kwenye kila klabu sikuuliza "uwanja wenu ni mgumu?", kwa maana kila mtu angejibu kwa mapenzi yake. Niliomba nitumiwe picha ya kadi ya alama, ambayo ina urefu, kipimo na kiwango cha kila tii.

Niliuliza mengine pia: iwapo kuna bei tofauti kwa wakazi wa Afrika Mashariki, iwapo kedi, yaani msaidizi wa kubeba fimbo, ni lazima, iwapo siku hiyo kuna mashindano ya wanachama, na iwapo mwanamke anaweza kucheza akiwa amevaa mtandio na suruali pana chini ya shati refu lenye kola. Swali hili la mwisho mke wangu alitaka liulizwe mapema, na kote tulijibiwa kwa heshima kwamba halina tatizo.

Ijumaa ya wiki ya safari

Hati tu. Pasi za kusafiria, vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, bima ya gari ya kuvuka mpaka, barua ya utambulisho kutoka kwa katibu wa klabu yetu, na orodha ya fimbo yenye chapa na idadi, ili wakati wa kurudi asitokee mtu wa kuuliza zimenunuliwa wapi. Kanuni inaruhusu fimbo 14 kwa kila mchezaji, lakini mke wangu na mzee wamechukua nane nane. Viatu vya uwanjani tumevitia kwenye mifuko ya nguo, kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017, kabla yetu sisi tulioifuata mwaka 2019.

Jumamosi, Horohoro hadi Diani

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Barabara ya Horohoro ni nzuri na mpaka hauko mbali. Maofisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja, na waliuliza zaidi kuhusu mifuko mirefu ya gofu kuliko kuhusu sisi. Kijana mmoja wa forodha alitaka kuona mpira, akaupima mkononi, akamwamkia mzee, "Shikamoo babu, na wewe unapiga hii?" Mzee akajibu, "Marahaba mwanangu. Naipiga, na inanisikiliza."

Kuanzia Lunga Lunga hadi Ukunda tulisikia Kidigo kila tuliposimama, lugha ile ile tunayoisikia kwetu. Tumefika Diani kabla ya adhuhuri na hatukugusa fimbo, isipokuwa dakika chache jioni kwenye grini ya mazoezi. Grini za huku zina kasi kuliko tulivyozoea, na ni heri kulijua hilo usiku kabla ya kucheza.

Jumapili, Leisure Lodge

Tulianza saa moja na nusu asubuhi. Kundi la wanne linahitaji saa nne na nusu hadi tano kwa mashimo 18, na jua la pwani baada ya saa sita halina huruma, hasa kwa mtu wa umri wa mzee. Anayelazimika kuanza mchana na ahesabu kinyume kutoka wakati wa magharibi, kwa sababu karibu na ikweta giza huingia haraka na mashimo ya mwisho yanaweza kukupotea.

Uwanja ni pa 72, na mibuyu yake ni ya kutisha kwa uzuri. Mimi na shemeji tulianzia kwenye tii iliyokaribiana na hesabu zetu, na mke wangu na mzee wakaanzia mbele kabisa. Tulikubaliana kutumia mfumo wa alama wa Stableford, ambao mwenye alama nyingi ndiye anayeshinda, uliobuniwa na daktari Frank Stableford na kuchezwa Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Katika mfumo huo, shimo likikushinda unaokota mpira wako, unapata sifuri na unaendelea na shimo linalofuata. Kwa mwanafunzi hakuna mfumo wenye huruma zaidi, na kwa kundi linalofuata nyuma hakuna mfumo wenye adabu zaidi.

Kwenye shimo moja la pa 3 katika nusu ya kwanza mke wangu alikuwa na mita kama 90 hadi bendera. Kedi wake, kijana mpole wa Ukunda, alimwambia, "Mama, bendera iko kulia lakini wewe usiitazame. Tazama ule mnazi ulioinama. Upepo utakuletea mwenyewe." Mke wangu alisimama akaupima upepo kwenye mtandio wake, akachukua fimbo kubwa kwa namba moja kuliko aliyokuwa ameishika, akapiga kuelekea mnazini. Mpira ulipanda, ukakaa hewani muda, ukaanza kusogea kulia kidogo kidogo na kuangukia mwanzoni mwa grini, ukabingirika hadi mita tatu kutoka shimoni. Alimaliza kwa mikwaju miwili zaidi, yaani pa. Nasema kwa yakini kwamba kutoka tii ya nyuma shimo hilo lingekuwa nje ya uwezo wake, na asingeipata hiyo pa wala furaha aliyoipata.

Mbega walikuwa juu ya miti karibu na njia yetu. Kedi alitutahadharisha tusiache ndizi kwenye mfuko ulio wazi, kwa ajili ya nyani na tumbili.

Mzee alipata alama 34, juu yetu sote. Alama 36 maana yake umecheza sawasawa na hendikapu yako, na kupata 34 katika uwanja wa ugenini ni kazi ya mtu mwenye akili.

Jumatatu, Diani

Mapumziko. Bahari, samaki wa kupaka, usingizi.

Jumanne, Mombasa

Tulivuka Likoni kwa feri. Wenye haraka wanaweza sasa kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu bila kuingia kwenye feri, lakini mzee alitaka kuiona bandari kutoka majini.

Mombasa Golf Club ni ya mwaka 1911 na ina mashimo 9 kando ya barabara ya Mama Ngina, bahari ikiwa ubavuni. Nataka kuwasemea viwanja vya mashimo 9, kwa sababu wapangaji wengi wa safari za gofu huviruka wakidhani ni vya watoto. Kwa kundi kama letu ndivyo vinavyojaza pengo kati ya siku mbili nzito: unacheza kwa saa mbili na nusu, unapata kadi halali ya hendikapu, na mchana wote ni wako. Hapa tulijifunza upepo kuliko mahali popote. Kusi ilikuwa ikivuma kutoka baharini, na mashimo yaliyoelekea kwenye upepo yalidai fimbo mbili zaidi. Shemeji alipiga mpira mmoja ukavuka ukingo ukaenda majini, na meli ya makontena ilikuwa ikipita kwenye mlango wa bandari wakati huo huo, kubwa kiasi cha kumfanya kila mmoja asahau zamu yake.

Kanuni inakupa dakika tatu tu za kutafuta mpira. Wa baharini hautafutwi.

Alhamisi, Vipingo Ridge

Tulilala karibu na uwanja tangu jana, kwa kuwa Vipingo iko kilomita kadhaa kaskazini ya Mombasa na msongamano wa magari ya asubuhi ungeweza kututoa katika muda wetu wa kuanza. Njiani tulipita mashamba ya mkonge, mistari mirefu hadi upeo wa macho, na mzee akaanza kutueleza majani hukatwa lini na brashi huchambuaje nyuzi. Alipokuwa kazini alizihesabu robota kwa maelfu.

Uwanja wa Baobab uko juu ya tuta na bahari inaonekana kwa mbali chini yake. Pa ni 72. Kwenye tii ya kwanza shemeji alisimama kando ya alama za nyuma, zile walizozitumia mabingwa, akatazama fewei kwa muda. Kisha akafungua daftari langu, akaisoma ile 4,968 aliyoiandika kwa mkono wake, akachukua mfuko wake akaja mbele pamoja nami. Hakusema neno, wala mimi sikumsemesha.

Alicheza gofu bora kuliko siku zote za safari. Fewei hapa ni pana kuliko zinavyoonekana kwenye picha. Ugumu umewekwa kwenye mkwaju wa pili, kwa sababu grini zimeinuliwa, mabanka yamechimbwa mbele yake, na upepo wa tutani haukatizwi na kitu. Mpira unaokuja na ayani fupi unasimama. Mpira unaosukumwa kwa fimbo ndefu kutoka mbali unateleza hadi nyuma ya grini. Hapo ndipo tii sahihi inapolipa: shemeji alifika karibu na grini kwa mkwaju wa kwanza mara nyingi kiasi cha kutumia fimbo fupi kwenye mkwaju wa pili, na kadi yake ikafunga kwa alama 37.

Mke wangu aliokota mpira kwenye mashimo matano na kupata pa mbili. Mzee alicheza mashimo 12, akaketi kivulini kwa makubaliano tuliyoyafanya tangu Julai, akatusubiri na maji ya dafu. Katika kupanga safari, ruhusa ya kuacha kabla ya mwisho inapaswa kuandikwa mapema, ili mtu mzima asijione amewaangusha wenzake.

Ijumaa, kurudi Tanga

Tuliswali Ijumaa Mombasa, tukavuka Likoni na kufika Lunga Lunga jua likiwa bado juu. Orodha ya fimbo ilikaguliwa kwa dakika moja.

Kesho asubuhi nitampelekea katibu wa klabu kadi zetu: za Diani, za mashimo 9 ya Mombasa na za Vipingo, zote zikiwa na sahihi ya mchezaji na ya aliyemwandikia alama. Mashimo 12 ya mzee huenda yakakubaliwa, kwa kuwa mfumo unaruhusu kadi ya mashimo yasiyotimia 18 iwapo yanafikia idadi iliyowekwa, na hilo nitaliuliza. Mke wangu sasa anakaribia kutimiza mashimo yake 54. Shemeji ameshaomba kadi ya alama ya Nyali itumwe kwenye simu yake, na ameanza kwa kutazama safu ya tii za mbele.